Betri Kwanza, Skrini Baadaye: Kufundisha Sayansi kwa Simulesheni Shule ya Kijijini

Kipindi changu cha kwanza cha simulesheni nilikiharibu mwenyewe. Kilikuwa kidato cha tatu, wanafunzi 68, shule ya kata huku Chamwino, mkoani Dodoma, projekta ya kuazima na shuka jeupe tulilolitundika juu ya ubao. Kwa dakika 40 niliwaonyesha sakiti ya umeme: betri, waya, balbu, na vidude vya bluu vinavyotembea ndani ya waya. Darasa lilitulia kama liko banda la video. Nikajiona nimefika. Mwisho wa kipindi nikatoa mfukoni betri ya tochi, kipande cha waya na balbu, nikampa kijana aliyekuwa amejibu maswali yote. "Iwashe." Akagusisha ncha moja ya waya kwenye kitako cha balbu, nyingine kwenye kichwa cha betri, akasubiri. Kimya. Akaigeuza betri. Kimya. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyepewa balbu iliyoungua. Wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo.

Kosa halikuwa lao. Kwenye skrini sakiti niliijenga mimi, wao wakaishangilia. Tangu hapo nina kanuni moja, na mwongozo huu wote unaizunguka: simulesheni inakaa katikati. Mwanafunzi aanze na kitu cha kushika, aingie kwenye skrini kutazama kile ambacho jicho halifiki, kisha arudi kwenye kitu cha kushika.

Kwa ambaye hajawahi kuitumia, simulesheni ni igizo la kompyuta ambalo unaligusa nalo linakujibu. Ukiongeza betri, balbu inang'aa zaidi. Ukirefusha kamba, pendulamu (kitu kinachobembea kikining'inia kwenye kamba) inapunguza mwendo. Hapo ndipo inapotofautiana na video. Video itaendelea hata darasa zima likisinzia, simulesheni inakusubiri. Ninazotumia zaidi ni za mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja tu baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Za kuchezea darasani ni bure, na baadhi zimeshatafsiriwa kwa Kiswahili.

Hatua ya 1: Chagua mada, na ujue ya kuacha

Usianze kwa kuuliza "nina simulesheni gani?" Uliza hivi: katika mada hii, ni kitu gani wanafunzi wangu hawawezi kukiona hata nikiwapa vifaa vyote duniani? Mkondo wa umeme ndani ya waya hauonekani. Molekuli za maji hazionekani. Atomu haionekani. Dunia ikizunguka jua haionekani. Hizo peleka kwenye skrini.

Pendulamu je? Igizo lake lipo, zuri sana, na mimi silifungui mwanzoni. Kwa nini nilifungue wakati nina kamba ya katani na jiwe? Funga jiwe kwenye tawi la mwarobaini, urefu wa mita 1 kutoka fundo hadi katikati ya jiwe, hesabu kwenda na kurudi mara 20. Utapata sekunde 40 na kidogo. Kata kamba ibaki sentimita 25, utapata kama 20. Watoto wanagombania kuhesabu, na saa ya simu ya mwalimu inatosha. Baada ya hapo ndipo nafungua skrini, kwa sababu moja tu: igizo lile lina kitufe cha kukupeleka mwezini. Pendulamu ileile ya mita 1 mwezini inachukua karibu sekunde 99 kwa mizunguko 20. Lina pia sayari isiyotajwa nguvu yake ya uvutano, ambayo mwanafunzi anatakiwa aipige hesabu mwenyewe. Hayo huwezi kuyafanya chini ya mwarobaini.

Sauti na mitetemo ni hivyo hivyo. Huku Ugogoni tuna zeze, ala ya nyuzi. Omba moja kwa mzee wa jirani (kwa heshima, na urudishe siku ileile), mwanafunzi abane uzi kwa kidole, asikie sauti inavyopanda uzi ukifupishwa. Akishasikia kwa masikio yake, mwonyeshe mawimbi ya uzi kwenye skrini, yaliyopunguzwa mwendo hadi jicho linayafuata. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alibeba zeze na ilimba (ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) hadi majukwaa ya Ulaya. Sioni kwa nini zishindwe kufika kwenye darasa la fizikia lililo kilomita chache tu kutoka kwa wanaozipiga.

Kemia: kusawazisha milinganyo inafaa sana, inakwenda yenyewe. Baiolojia: lile igizo la sungura na uteuzi wa asili ni zuri kwa kidato cha nne, ila tenga muda, kwani watashangilia kila sungura.

Hatua ya 2: Pakua, kisha zima data

Hatua hii ni fupi lakini ndiyo inayowaangusha wengi. Simulesheni za kisasa zinafunguka kwenye kivinjari cha kawaida, Chrome au Firefox, na zikishapakuliwa hazihitaji intaneti. Nenda mjini au tafuta bando la usiku, pakua unazozihitaji kwa muhula mzima, weka kwenye laptopu na nakala kwenye flashi. Halafu, ukiwa bado nyumbani, zima data, zima wi-fi, washa upya kompyuta, fungua kila moja na uiguse. Isipofunguka pale mezani kwako, haitafunguka mbele ya wanafunzi 68.

Ukipewa na mwenzako flashi iliyojaa maigizo ya zamani, kagua kama yametengenezwa kwa Adobe Flash, programu ya zamani ya maigizo ya mtandaoni (si flashi ya kuhifadhia). Teknolojia hiyo ilifikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2020 na vivinjari vya sasa haviifungui. Usipoteze jioni yako hapo.

Kama shule ina laptopu moja na tableti kadhaa, ifahamu Kolibri. Ni programu ya bure inayoigeuza laptopu yako kuwa maktaba: vifaa vingine vinajiunga kwa wi-fi ya hapohapo darasani, bila intaneti kabisa, na maigizo ya PhET ni sehemu ya vinavyoweza kuwekwa humo. Simu za wanafunzi usizihesabu, haziruhusiwi shuleni. Hesabu za walimu walio tayari kukuazima, na uwaombe kabla, si wakati kipindi kimeanza.

Hatua ya 3: Umeme na mwanga

Jua la Dodoma saa nne asubuhi halina huruma na projekta. Madirisha ya madarasa yetu ni mapana, mengi hayana pazia, na picha inayoonekana vizuri usiku ofisini inageuka kivuli tu. Unaweza kuziba kwa magunia na kanga, lakini darasa la watu 70 lililozibwa madirisha mwezi Novemba ni tanuri. Mimi niliachana na projekta. TV ya LED ya inchi 32 inaonekana mchana kweupe, inatumia kama wati 50, na inabebeka na wanafunzi wawili.

Hesabu ya umeme wa jua iko hivi. Betri ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa) ina takriban Wh 1,200 (wati-saa), yaani 12 mara 100. Kama ni ile ya risasi na asidi, usiikamue zaidi ya nusu, maana utaiua mapema: unabaki na 600, na inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, itakula sehemu yake. Projekta ya wati 250 pamoja na laptopu ya wati 50 itakupa chini ya saa mbili. TV na laptopu zitakupa zaidi ya saa nne. Hata shule yenye umeme wa gridi, panga kama vile utakatika, kwa sababu siku ya ugeni ndiyo siku unayokatika.

Inchi 32 ni ndogo kwa darasa zima, nakubali. Jibu lake liko hatua ya 5.

Hatua ya 4: Andaa swali moja

Kwenye andalio la somo, andika swali moja ambalo unajua darasa litagawanyika. Si maswali kumi. Moja. Kwa sakiti, langu ni hili: mkondo ni mkubwa wapi, kabla ya balbu au baada ya balbu?

Kila mwaka, walio wengi wanasema kabla. Wanasema balbu "imekula" umeme. Wala si wajinga: nyumbani tunasema luku imeliwa na pasi, jiko linakula umeme, na mwezi ukiisha uniti zimekwisha kweli. Lugha yenyewe imewafundisha kosa hilo kabla yako. Ndiyo maana ukiwaambia "hapana, ni sawasawa" wataandika kwenye daftari na wataendelea kuamini cha nyumbani.

Kila mmoja aandike utabiri wake kabla ya kuona chochote. Kwa kalamu ya wino. Penseli inafutika, na mtoto aliyefuta utabiri wake atakuapia kwamba alijua tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Kipindi chenyewe

Omba vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80. Dakika 10 za mwanzo ni za swali na utabiri. Gawa darasa makundi matatu. La kwanza liko kwenye meza ya vifaa: betri za tochi za volti 1.5, balbu ndogo, waya uliotolewa kwenye redio mbovu. La pili liko kwenye skrini. La tatu liko kwenye karatasi, linachora sakiti na kujibu maswali. Kila dakika 20 yanabadilishana. Dakika 10 za mwisho wote wanakaa pamoja. Kundi linaloanza na skrini kabla ya vifaa litakuwa limekiuka kanuni yangu, najua. Ndiyo maana naligusisha balbu na betri kwa dakika mbili tatu, liwashe balbu kwanza, ndipo likae mbele ya TV.

Kwenye skrini kuna sheria: mwenye mausi hana mdomo, mwenye mdomo hana mausi. Anayeshika anafanya tu anachoambiwa na wenzake, na akitaka kusema anampisha mwingine. Bila sheria hiyo, mvulana mmoja aliyewahi kukaa internet kafe atashika mausi dakika zote 20 na wasichana wanane watakuwa wapiga makofi. Mausi inaanzia kwa aliyekaa nyuma kabisa.

Sasa tuingie ndani. Igizo linaitwa Circuit Construction Kit: DC. Betri inakuja na volti 9, balbu ina ukinzani wa omu 10. Waache kwanza wajenge bila maelekezo. Ndani ya dakika mbili kuna mtu ataunganisha waya moja kwa moja kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, na betri itawaka moto kwenye skrini. Kelele itasikika hadi ofisi ya mkuu. Usiwanyamazishe. Uliza: "Nini kimewaka, na kwa nini balbu haikuwaka?" Hapo wamejifundisha shoti bila kuunguza kitu. Lakini neno moja la ukali lazima litoke hapo hapo: betri ya tochi ukiipiga shoti inapata moto mkononi, na soketi ya ukutani ni volti 230, skrini inasamehe, soketi haisamehe. Siku hiyo narudia maneno hayo mara tatu, hata wakinicheka.

Kisha sakiti ya betri moja na balbu moja. Amita (kipimo cha mkondo, kinachosoma ampea) moja kabla ya balbu, nyingine baada. Kundi linasoma kwa sauti: 0.90, na 0.90. Kimya kinachofuata ndicho ninachokilipia bando. Mwache mmoja aseme "amita ya pili ni mbovu", abadilishane nafasi za amita mwenyewe. 0.90 tena. Ongeza balbu ya pili kwa mfuatano, yaani kwenye njia ileile moja: 0.45 kila mahali. Kabla ya kuongeza ya tatu, watabiri. Watakaosema 0.30 wameanza kuiona kanuni ya Ohm (mkondo ni volti kugawanya kwa ukinzani) kabla sijaiandika ubaoni.

Bado mtu atauliza: kama mkondo hauliwi, balbu inapata wapi mwanga? Hapo nachukua baiskeli, maana haikosekani shuleni. Nyanyua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli. Mnyororo unaingia kwenye gurudumu na unatoka wote, hakuna pingili iliyoliwa, na bado gurudumu linazunguka. Kinachotoka mguuni kwako ni nishati, mnyororo ni msafirishaji. Baiskeli hiyohiyo inanisaidia kukanusha uongo wa skrini: vidude vya bluu vinaonekana kukimbia, lakini ndani ya waya halisi elektroni zinajikokota, kwa kawaida chini ya milimita moja kwa sekunde. Balbu inawaka papo hapo kwa sababu pingili zote za mnyororo zinaanza kusogea kwa pamoja.

Turudi meza ya vifaa. Mwaka jana kundi lililotoka kwenye skrini lilifunga balbu mbili kwa mfuatano, moja ikang'aa, nyingine ikafifia kama mkaa unaokufa. Kwenye skrini zilikuwa sawa. "Ticha, kompyuta imetudanganya." Tukabadilishana nafasi: ile iliyong'aa iliendelea kung'aa hata ikihamia upande wa pili. Kwa hiyo si suala la nani yuko karibu na betri. Ni kwamba balbu mbili za dukani si pacha. Msichana mmoja akasema, kompyuta inatumia balbu zisizouzwa popote. Sijawahi kupata maelezo bora ya neno "modeli".

Hatua ya 6: Lugha

Hili nitalisema ingawa huenda mthibiti ubora akalisoma. Mtihani ni wa Kiingereza na wanafunzi wangu wametoka darasa la saba wakiwa wamesoma sayansi kwa Kiswahili. Mabishano mbele ya skrini nayaacha yaende kwa Kiswahili, na wengine wakinong'onezana Kigogo nasikia na siwakatazi. Mtoto habishani vizuri kwa lugha anayoitafuta kwenye kamusi. Dakika 10 za mwisho ndizo za Kiingereza: kila kundi linatoa sentensi mbili tu za walichokiona, nazo zinakwenda ubaoni na kwenye daftari, zikiwa na istilahi za mtihani. Kama igizo lina toleo la Kiswahili, wiki ya kwanza natumia hilo, ya pili la Kiingereza.

Hatua ya 7: Tafuta pale skrini na kijiji vinapopingana

Nilikuwa nafundisha hali za maada kidato cha pili. Igizo moja la kuchemsha maji liliwaonyesha kipimajoto kikipanda na kusimama kwenye nyuzi 100. Nje, chini ya mti, tulikuwa na sufuria juu ya jiko la mkaa na kipimajoto kimoja cha maabara. Maji yakaanza kutokota, mvuke ukatoka, na kipimajoto kikagoma kwenye 96. Wakapepea mkaa. 96. Wakasema kibovu. Nikaleta cha pili. 96.

Nikawaacha na swali hilo hadi kesho yake. Asubuhi kijana mmoja alikuja na habari: shangazi yake amehamia kutoka Dar es Salaam, na tangu afike analalamika kuwa maharage ya huku hayaivi haraka. Tulikuwa tumefika. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa juu yetu ni pungufu kuliko ya Pwani, mgandamizo wake ni kama asilimia 87 au 88 tu ya ule wa ufukweni, kwa hiyo maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 96 hivi. Maharage yanapikwa na joto, si na mapovu. Ndipo tukarudi kwenye skrini, safari hii na igizo la molekuli, tukibadilisha joto na mgandamizo kwa zamu.

Tafuta sehemu kama hizo kwa makusudi. Darasa likishaikamata kompyuta ikikosea, au angalau ikisema habari za mahali pengine, hawaitazami tena kama msahafu.

Hatua ya 8: Wenye shaka, na mtihani

Mwalimu mwenzako atakuuliza kama simulesheni inaweza kuchukua nafasi ya maabara ambayo shule haina. Upo utafiti wa mwaka 2005, wa hao hao wa Colorado, ulioonyesha kuwa wanafunzi waliojifunza sakiti kwa simulesheni waliwashinda waliotumia vifaa halisi, hata walipopewa kujenga sakiti halisi. Mimi nautaja kwa tahadhari: wale walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani, waliokulia kwenye nyumba zenye swichi kila chumba. Wangu, wengine wamewashiwa umeme nyumbani juzi tu. Usimpe mkuu wa shule sababu ya kuahirisha kununua amita. Mwambie skrini imekuonyesha amita zipi zinahitajika na ngapi.

Kwa mtihani wa vitendo, wiki mbili kabla funga laptopu kabisa. Mwanafunzi anatakiwa ajue kukaza skrubu ya amita, kusoma mshale usiotulia, kuandika 0.28 hata kama "inafaa" iwe 0.30. Skrini haina mshale unaotetemeka.

Na vumbi

Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo wetu unaingiza mchanga hadi kwenye kabati lililofungwa. Laptopu ikimaliza kipindi iache ipoe, ndipo uifunge kwa kanga safi na kuiweka ndani ya mfuko wa plastiki. Ukiifunga ingali ya moto, joto litabaki ndani. Kila mwisho wa mwezi safisha matundu ya feni kwa brashi laini ya rangi, mashine ikiwa imezimwa. Chaja nenda nayo nyumbani. Flashi ya nakala mkabidhi mwalimu wa taaluma, imefungwa kwenye karatasi iliyoandikwa majina ya maigizo na mada zake, ili siku ukiugua kipindi kisife.